Nilimwona Mama Akitia Kombe Kwenye Chupa za Mdogo Wangu, Nikanyamaza

Mwenye barua hii ametuomba tulifiche jina lake, nasi tumelificha. Msomeni kwa upole.

Asalaam alaykum, wasomaji wenzangu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minane, mkazi wa Bagamoyo. Niliolewa nikaachika, sikujaliwa mtoto, na sasa naishi na mama yangu mzazi. Baba alikwisha fariki. Ninaye mdogo wangu mmoja wa kiume, hapa nitamwita Idi, na Idi ndiye ugonjwa wangu. Namwonea wivu. Nalitaja neno hilo mapema ili msidhani nimekuja kujisafisha.

Idi yuko Ulaya, chuo kikuu. Anasomea bahari, si samaki wala meli, bali mawe na matope yaliyo chini yake na vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji yake. Watu wakimuuliza mama hujibu, "Anasomea tope la bahari," nao hucheka, lakini hucheka kwa heshima. Tope hilo mimi nimelikanyaga tangu utoto. Maji yakitoka mimi huenda na wanawake wenzangu kutanda uduvi, wale kamba wadogo sana, kwa kanga kuukuu mpaka upande wa Mbegani, na najua kwa nyayo wapi mchanga unaishia na wapi tope jeusi linalonuka yai viza linaanzia. Idi alikuwa akichafuka mguu analia, nami nambeba mgongoni. Hata kusoma nilimfundisha mimi, maana nilifika darasa la nne kabla sijatolewa shule nikawekwa ndani kama mwari.

Mwaka jana akaniandikia. "Shikamoo dada. Nisaidie. Nataka tope la kwetu pamoja na maji yake, kila mwezi chupa sita. Mahali pa kuchota unapajua wewe. Chupa isuuze kwa maji yale yale ya bahari, na kisiingie kitu kingine hata tone."

Barua za Idi humsomea mama mimi, kwa sababu mama anaisoma Kurani vizuri sana ila herufi za Kizungu hazijui. Siku ile nilimsomea yote, kipande cha tone nikakiruka. Wallahi sikuwa na nia mbaya, niliona ni maneno ya kazi yangu, yeye hayamhusu.

Nikachota. Nilizama mpaka kifuani na magamba ya chaza yakanikata mguu, lakini nilichota, na kwa barua iliyotangulia sanduku, kila chupa nikamwandikia imetoka wapi, tope lake likoje, linabadilikaje ukitoka ufukweni kwenda kwenye maji mengi. Kabla hata chupa hazijafika ikaja barua nyingine ikiwa na picha yake amevaa suti. Alikuwa amesimama mbele ya walimu wake akawaeleza habari za tope la pwani ya kwetu, nao wakampigia makofi. Maneno aliyosema aliyanakili humo, na yalikuwa yangu, yametoka kwenye karatasi zangu. Sikutajwa popote. Mama akaibusu picha ile, akazunguka nayo kwa majirani wote. Mimi nilikaa barazani mguu umefungwa kitambaa, hakuna aliyenipa hata pole.

Siku tatu baadaye nilitoka dukani kununua nta ya kuzibia chupa za mwezi uliofuata. Nikamkuta mama ameketi mkekani, chupa zote sita kazipanga mbele yake wazi. Alikuwa ametoka kwa mwalimu wa Kurani, ambaye alimwandikia aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi. Kombe hilo, maji ya dua ya kunywa, mama alikuwa akilitia kidogo kidogo katika kila chupa.

"Kulinywa hawezi, yuko mbali," akaniambia. "Lakini chupa si anazifungua kwa mikono yake? Dua itamfikia, mwanangu."

Nilitakiwa kusema, "Mama acha, unamharibia." Nilijua. Badala yake nikasema, "Umefanya vizuri, mama." Kisha nikaziziba chupa kwa nta, mimi mwenyewe, nikazipanga sandukuni na makumbi ya nazi. Tukafanya hivyo miezi mitano, yeye akitia, mimi nikiziba, na kila sanduku lilipoondoka nilikula chakula changu kwa raha.

Wiki iliyopita imekuja barua nyingine. "Dada, nimeona kitu katika tope la kwetu ambacho hakimo katika tope la pwani nyingine yoyote niliyoletewa hapa. Mwalimu wangu ana shaka, anasema huenda chupa zimeingia uchafu. Nimemwambia aliyechota ni dada yangu, na hakuna hapa wala kwetu anayeijua bahari ile kumpita. Niandikie neno moja tu, kuna kilichoingia au hakuna? Ukisema hakuna, nitalisimamia mbele yao mpaka mwisho, maana huo ndio mtihani wangu."

Mama akaniuliza mbona nalia. Nikamwambia Idi anatusalimu.

Nikimwambia kweli, kazi ya mwaka mzima itamwagwa na huenda akarudishwa nyumbani. Na mama atajua kwamba dua yake ndiyo iliyomwangusha mwanawe, nami nimekaa pembeni nikitazama. Nikiandika hakuna, atakwenda kusimama kwa neno langu, na siku wazungu watakapogundua ni zafarani na marashi hatapata pa kuficha uso.

Nimeandika barua zote mbili. Nikiisoma ile ya kweli, kuna kitu ndani yangu kinafurahi kwamba atarudi mikono mitupu. Nikiisoma ile ya uongo, kitu hicho hicho kinafurahi kwamba ataaibika. Nimejaribu kuandika barua moja ya kumpenda tu, na imenishinda. Meli inayochukua barua inaondoka wiki ijayo. Nishaurini, ndugu zangu, hata kama ni kwa kunitukana: nimpelekee ipi, na mama nitamtazamaje?