Maneno ya Chini ya Kila Ukurasa

Mimi niliishia darasa la saba, tena kwa kusukumwa. Lakini iulize Kariakoo nzima ni nani alianza kwa kutembeza kanga begani na leo ana duka la milango mitatu. Wenye digrii zao wananiamkia. Kwa hiyo binti wa dada yangu, ambaye kazi yake ni kutengeneza tovuti, aliponiletea tovuti ya duka niikague, sikuona sababu ya kumsikiliza sana.

Alikuwa ameweka maneno yaleyale chini ya kila ukurasa: mtaa, namba ya simu, saa za kufungua. Yeye anapaita kijachini.

"Mbona yanajirudia?" nikamuuliza. "Kanga zangu zote zingekuwa na maneno mamoja, nani angenunua ya pili?"

"Mjomba, hii siyo kanga."

"Wewe umezaliwa umenikuta nauza kanga. Kila ukurasa upe maneno yake."

Kanga bila yale maneno ya chini ni kitambaa tu, hilo kila mwanamke wa pwani analijua. Nikakaa juma zima natunga. Ukurasa wa kanga za harusi: "Aliyependeza hajifichi." Ukurasa wa vitenge: "Wivu wako, faida yangu." Anwani na simu nikazibakiza kwenye ukurasa wa historia yangu, maana anayetaka kununua kwangu lazima kwanza anijue. Wakati ule nilikuwa bado Magomeni. Nilipohamia Kariakoo nikatangaza kwenye ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa. Ule wa historia nikausahau, pamoja na anwani yake ya Magomeni na namba ya simu niliyokwisha kuitupa.

Jioni moja, karibu na kufunga, akaingia mama mmoja, vumbi mpaka kwenye kope. Ametoka Mtwara kununua sare ya harusi ya bintiye: doti arobaini za kanga moja. Basi la kurudi ni alfajiri. Mdogo wake alikuwa amemtumia ukurasa wa harusi. Akausoma mpaka chini atafute duka liko wapi, akakuta maneno yangu. Akapekua mpaka kwenye historia. Akapiga simu, haipatikani. Akaenda Magomeni.

"Nimemkuta kinyozi, ndiye kanielekeza huku," akasema. "Baba, tangu asubuhi nalitafuta duka linalojisifu kila mahali ila halisemi liko wapi."

Nikahesabu doti za kanga aliyoichagua. Thelathini na moja. Tisa zilikuwa zimeondoka adhuhuri, yeye akiwa kwa kinyozi.

"Hizo tisa nikupe inayofanana," nikamwambia.

"Inayofanana siyo sare. Wale tisa watasema nimewabagua, na shughuli nzima watakaa nyuma wamenuna."

Kweli tupu. Sare ndiyo inayosema hawa wote ni wa nyumba moja.

Nikatoka. Mimi, ambaye mtaa mzima hunijia kuomba mzigo, nikapita duka kwa duka na kanga mkononi. Duka la nne ni la mzee mmoja wa asili ya Kiarabu, ambaye miaka yote najitapa nimempita.

"Leo tajiri anaomba?"

"Naomba, mzee wangu."

Akaitazama kanga, akaingia ndani, akatoka na tisa.

Mama akaondoka na arobaini kamili. Kabla sijateremsha shata la duka nikampigia binti wa dada yangu.

"Rudisha ya kwako. Mtaa, simu, saa. Kila ukurasa."

"Na maneno yako, Mjomba?"

"Yana kanga zake."

Akacheka. Akanieleza kwamba kijachini chake huandikwa mahali pamoja tu na kurasa zote zikachukua hapo. Nikihama tena, atabadilisha mara moja. Angenieleza tangu mwanzo, ila mimi ndiye nilikuwa nazungumza.

Baada ya harusi mama alinitumia picha: wanawake arobaini wamejipanga uani. Nikaisogeza karibu na macho nizitafute zile tisa za jirani. Sikuzipata. Picha hiyo sasa iko kwenye ukurasa wa harusi, na chini yake mtaa wetu.