Wimbo Huu wa Nani?

Placida wa Kamuli, huko Kyerwa, ni mke wa Novatus na mama wa watoto wanne, na kwa jina la binti yake mkubwa watu humwita Mama Vero. Analima migomba na kahawa kama majirani zake wote. Jambo ambalo majirani hawakulijua ni kwamba nyimbo zilimjia. Yuko jikoni anamenya ndizi za mchana, mara sauti inampitia kichwani, tamu, yenye mwanzo na mwisho, wala hakumbuki kufundishwa na mtu. Anaiimba chini chini hadi ndizi ziive. Kesho yake imepotea.

Tangu usichana alitamani kutunga nyimbo za kanisani, ziimbwe na kwaya nzima, wanawake na wanaume. Mwanzoni alijiambia, ngoja Vero aache ziwa. Vero akaacha, wakafuata wengine. Kisha Novatus akaanguka na pikipiki, akavunjika mguu, na shamba lote likabaki mikononi mwa mkewe. Mguu ulipopona, ugonjwa wa mnyauko ukaingia kwenye migomba, wakang'oa na kufukia karibu nusu ya shamba. Sababu hizo zote zilikuwa za kweli, na hilo ndilo lililomchanganya. Zingekuwa uongo, angejikemea. Lakini hata miaka ilipokuwa mizuri, kahawa imezaa na nyumba nzima ina afya, bado alikuta sababu nyingine imemkalia mlangoni: hajui nota. Mtu wa darasa la saba atunge nini?

Masika iliyopita ulimjia wimbo wa matoleo, wa kuimbwa watu wakipeleka sadaka mbele, na huo ulikataa kupotea. Ulikuja na maneno yake: mikono yangu ina utomvu wa ndizi, sabuni imeshindwa, Bwana ipokee hivyo hivyo. Aliuimba akipalilia, akauimba akichambua maharage, na siku hiyo ya maharage wifi yake Joanitha, dada wa Novatus, aliingia uani bila kubisha hodi.

"Wifi, wimbo wa nani huo?"

"Sijui," Placida akajibu.

Joanitha anaimba sauti ya pili katika kwaya ya kigango, kanisa lao dogo la kijijini, na nyimbo anazijua. "Mimi sijausikia. Umeutoa wapi?"

"Nimekwambia sijui."

Alikuwa amesema kweli na hakuwa amesema kweli. Wimbo ulitoka kwake. Lakini ulitokaje, naye hakukaa chini akautunga? Labda aliusikia redioni akiwa na usingizi. Labda kwenye msiba fulani. Tangu siku hiyo swali la Joanitha lilimfuata shambani na kisimani.

Jumamosi moja alijikaza akaenda kanisani wakati wa mazoezi. Mwalimu wa kwaya, Aristides, mtu wa Muleba aliyehamia Kamuli kufundisha shule ya msingi, alikuwa anapanga viti.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu."

"Milele amina. Karibu, Mama Vero. Nikusaidie nini?"

Placida alifungua mdomo. "Nimekuja kuuliza mafundisho ya kipaimara yanaanza lini."

"Ya kipaimara? Hayo muulize katekista. Mimi ni wa kwaya."

"Haya, asante," akasema, akarudi nyumbani haraka kama aliyeacha moto jikoni.

Joanitha alipoisikia habari hiyo alicheka hadi akakaa chini. Juma lililofuata alimshika wifi yake mkono, akampeleka mwenyewe. "Mwalimu, huyu ana wimbo. Usimwache aondoke kabla hajauimba."

Basi Placida akaimba, macho ameyaelekeza sakafuni. Alipomaliza, Aristides alikunja uso, akauimba mstari wa kwanza mwenyewe, akarudia.

"Ni mzuri," akasema. "Mzuri sana. Ila nimeusikia mahali."

"Wapi?"

"Ndiyo najaribu kukumbuka. Hebu imba tena niurekodi kwenye simu."

Aliwatumia wenzake, walimu wa kwaya wa Bukoba na Kayanga. Majibu yakaja kila mtu na lake. Mmoja alisema unafanana na wimbo wa Noeli anaoujua, akautuma, na haukufanana hata kidogo. Mwingine alisema ni wa kwaya ya Ngara, baadaye akasema hapana, alikosea. Wa tatu akaandika kwamba hajawahi kuusikia, akauliza kama anaweza kupewa.

"Sasa, Mwalimu, ni wangu au si wangu?" Placida aliuliza.

"Kusema kweli, mimi bado naona nimeusikia mahali."

Placida akaenda nyumbani, akamwambia Novatus kwamba habari ya wimbo imekwisha, ni wa watu. Akachukua jembe. Alilima asubuhi yote kwa wepesi ambao hakuwa nao muda mrefu, na katikati ya tuta alisimama ghafla. Kwa nini alikuwa na furaha? Mtu aliyenyang'anywa kitu chake hulia. Yeye alikuwa kama aliyetuliwa mzigo, na hakupenda alichokiona ndani yake. Amepata sababu nyingine, nzuri kuliko zote zilizotangulia, na ameipokea kwa mikono miwili.

Mchana alimwuliza mumewe, "Baba Vero, unaonaje, nifanye au niache?"

Novatus aliweka sahani chini. "Mama Vero, fanya au acha. Ila usiniulize kesho tena. Umeniuliza tangu masika."

Akaona amwulize mama yake. Bi Kokugonza anaishi Rugera, upande wa Karagwe, na ujanani aliimba sana kwenye harusi. Kama wimbo ni wa zamani, yeye atajua. Placida alipanda bodaboda, vumbi jekundu likamjaa hadi kwenye nyusi, akamkuta mama yake akianika kahawa kwenye turubai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nataka usikilize wimbo."

Mama alisikiliza huku mkono ukiendelea kutandaza kahawa. Kisha mkono ukasimama. "Huo ni wa kwangu. Nilikuwa nauimba nikipalilia, wewe uko mgongoni."

Placida akasogea karibu. "Uimbe basi."

Bi Kokugonza akauimba, kwa Kinyambo, kwa sauti iliyochakaa lakini bado imenyooka. Haukuwa wimbo ule. Maneno mengine, mwendo mwingine, unakimbia pale ambapo wa Placida unatembea. Lakini mwishoni sauti iliteremka, ikakawia kidogo kabla ya kutua, na kuteremka kule kulikuwa kulekule kwa wimbo wa Placida.

"Mama, hiyo si sawa na wangu."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Sivyo. Ni mwisho tu."

"Basi ni mwisho." Mama hakuona tofauti. "Hata mimi nilimsikia shangazi. Naye sijui aliutoa wapi. Kwani kuna mtu amekuja kuudai?"

"Hakuna."

"Fukuza hao kuku, wanamwaga kahawa."

Placida akawafukuza kuku. Jioni alirudi Kamuli akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyoondoka. Alikwenda kupata ndiyo au hapana, akapata mkia wa wimbo. Hata hivyo Jumamosi alikwenda kwenye mazoezi, na safari hii hakukokotwa na mtu. Alimwambia Aristides kwamba mwisho wa wimbo una kitu cha mama yake, mengine hajui, na kama bado anautaka waufundishe kwa ajili ya sikukuu ya somo, mtakatifu msimamizi wa kigango.

Kazi ilikuwa ngumu. Aristides aliandika nota, na Placida aliimba mstari mmoja mara nyingi kwa sababu kila akiurudia ulibadilika kidogo, naye hakujua ni upi wa kwanza. Wanaume wa besi waliuvuta kama wanavuta gogo. Alitaka kuwaambia jambo na hakuwa na neno lake, akaishia kuwaonyesha kwa mkono, hivi, ushuke polepole. Wakacheka. Kisha wakashuka polepole.

Siku ya sikukuu mpiga kinanda alianzia juu mno, wanawake wakakaza shingo. Katikati ya ubeti wa pili umeme ukakatika. Kwaya iliendelea bila kinanda, ikajishusha yenyewe taratibu hadi mahali pa kuimbika, na waumini walikuwa bado wanapita mbele na mikungu ya ndizi, mayai, na jogoo mmoja aliyegoma kutulia. Placida alisimama nyuma ya Joanitha akishindwa kujua kama jambo linaharibika au linakwenda vizuri.

Nje, mzee Gaudiosus wa jumuiya yao alimshika mkono akasema asante. Mama mmoja asiyemfahamu akamwambia, "Wimbo ule ni wa zamani, eh? Umenikumbusha kwetu." Placida aliitikia kwa tabasamu, akaenda nyumbani akilitafakari neno lile. Alikuwa amesifiwa au ameshtakiwa? Alimwuliza Joanitha, Joanitha akasema amesifiwa. Hakuridhika.

Aristides alimtaka atunge mwingine. Alitunga wakati wa kuchuma kahawa. Mwalimu akaukataa, akasema ubeti wa pili hauna kichwa. Placida alikasirika siku mbili tatu, kisha akaona ni kweli, akaurekebisha. Siku hizi anajifunza nota kwa Aristides, na bado anazichanganya.

Mwezi uliopita kwaya moja ya Ndama iliomba ije ifundishwe ule wimbo wa utomvu. Walikuwa wengi, vijana tu, wamevaa sare, wameshaujifunza nusu kutoka kwenye simu. Aristides alikuwa na homa, hakuja. Wakaimba mbele ya Placida, kwa nguvu na kwa haraka, na walipofika mwisho wakaupita mbio. Kiongozi wao, Melkiory, akamgeukia akisubiri. Placida aliangalia mlangoni kama kuna mwingine wa kujibu. Hapakuwa na mtu.

"Samahani," akasema, "hapo mwishoni mnakimbia. Tuanze tena."