Maji Yanayokula Mwanga

Niliondoka Arusha na hasira zangu. Mdogo wangu Elibariki, anayeendesha mtambo mdogo wa kusafisha majitaka huko Babati, alikuwa amenipigia simu tena. Taa za kuua vijidudu nilizomfungia mwenyewe ni mpya, lakini kila maji yakipimwa, vijidudu hai vimo. Na maji hayo ndiyo Mama Paulina, jirani wa mtambo, anayomwagilia karoti zake. Watoto wa mtaa wa Nangara huzing'oa, wakazipangusa kwenye nguo na kuzitafuna hapo hapo. Wawili walikuwa wanaharisha.

Ndani ya basi, kutoka Makuyuni hadi Minjingu, niligombana na Elibariki kimoyomoyo. Nilikuwa na hakika hafuti vioo vya taa. Niliposhuka Babati nikachukua bajaji moja kwa moja hadi mtamboni. Vumbi la kiangazi lilikuwa limeuficha mlima Kwaraa.

"Shikamoo dada. Pole na safari."

"Marahaba. Hebu nionyeshe vioo kwanza."

Vioo vilikuwa safi.

Ndani ya banda, taa zilivuma polepole chini ya maji na kutoa mwanga wa buluu. Hapakuwa na harufu ngeni. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyokosa majani ya kutosha, basi. Nilichota kidogo kwa kichupa, nikayaweka kati ya taa na kipimo changu cha mwanga. Mshale ukalala. Nikaweka maji ya kunywa, ukasimama. Nikarudia, ikawa vile vile. Macho yangu yaliona hadi upande wa pili wa kichupa, lakini kwa taa ile mlikuwa na giza tupu. 

Mchana huo gari la majitaka liliingia, dereva akaunganisha mpira na kumwaga kitu cheusi kwenye bwawa la kwanza.

"Hicho nini, kaka?"

"Maji ya dampo, dada. Yanayochuruzika chini ya takataka. Si uchafu kwa uchafu tu?"

Hata Elibariki alidhani hivyo, akampokea kila alipokuja. Kumbe takataka zile zimelowa miaka, zikatoa rangi yake kama majani ya chai, na rangi hiyo huumeza mwanga kabla haujavifikia vijidudu. Vinapita mbele ya taa vikiwa salama salimini.

Jioni tulishuka bustanini. Majani ya karoti yalikuwa ya kijani kizito kuelekea weusi, marefu kupita kiasi, na yametulia kabisa. Niliogopa kuyagusa.

"Maji yenu yana mbolea," Mama Paulina alisema kwa furaha. "Bustani hii ndiyo inamsomesha Paulina."

Nilimweleza yote. Alikaa chini kwenye tuta.

"Lakini mimi niliziona taa zinawaka."

Elibariki akafunga koki ya maji ya bustani. 

Nimerudi Arusha. Zamani nilikuwa nauliza kama taa inawaka. Siku hizi nauliza kwanza maji yametoka wapi. Juzi Elibariki alipiga simu: gari la dampo limezuiwa, mshale umesimama, maji yamepimwa ni salama. Karoti zimekauka, lakini Mama Paulina hataki koki ifunguliwe. Elibariki alimpeleka bandani akamwonyesha mwanga wa buluu. Mama Paulina akautazama, akamwuliza, "Siku zile taa si zilikuwa zinawaka hivi hivi?"