Binti Yangu Aliozwa Nikiwa Jikoni kwa Bosi

Surua ndiyo iliyoniachisha shule, nikiwa darasa la tatu. Nilipopona wenzangu walishasonga mbele, na mie nikaona haya kukaa na watoto wadogo. Shangazi yangu wa Buguruni akanichukua. Alikuwaga anakaanga vitumbua, mwanamke mfupi, mkali, akikohoa tu unajua umekosea. Vitumbua vile sijavila tena popote, ila hilo tuliache. Kwake ndiko nilikojifunza moto, lini uuchochee, lini utoe kuni. Kutoka vitumbua nikahamia pilau za shughuli, na mtaa mzima ukajua nina mkono.

Kwa hiyo nilipopata kazi ya stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, bosi wangu, ambaye tulikuwa tunaswali naye msikiti mmoja, hakukawia kujua. Maulidi ya kwanza akaniambia, "Wewe si mfanyakazi, wewe ndugu. Njoo utusaidie nyumbani."

Sasa kwetu ndugu hadai ujira kwenye shughuli. Anakunja suruali, anapika, anaosha masufuria, anapewa sinia apeleke kwake. Nikaenda. Nikaenda na sikukuu za Idi, na arusi za wanawe watatu, siku zangu za mapumziko zote. Mke wangu akinuna namwambia, "Yule ananihesabu nduguye." Hata barazani nilijisifu. Nisiseme uongo, nilipenda.

Mwaka juzi binti yangu akaposwa. Nikaha Ijumaa, baada ya alasiri, kwangu Temeke. Bosi naye alikuwa na hitima ya mama yake Ijumaa ileile, chakula cha mchana. Nilipomweleza akanishika bega. "Ukishapakua tu, wewe huru. Baba ndiye anayemwoza bintiye, mie nani nikuzuie?"

Nikapika, nikapakua. Nanawa mikono, bosi akaja uani na mgeni wake, mgeni ana sahani mkononi.

"Watu wameongezeka. Bandika sufuria jingine."

"Bosi, wananingoja nyumbani."

"Si una mdogo wako pale? Mpe uwakala kwa simu. Dini imeruhusu."

"Lakini ulisema…"

"Mzee, usinifedheheshe mbele ya watu."

Nikabandika. Alasiri ikaadhiniwa, ikaswaliwa, simu ikaita. Mdogo wangu. "Kaka, shehe ameshakaa. Uko wapi?"

Nikamwambia amwoze binti yangu kwa niaba yangu.

"Kaka, unaumwa?"

Nikasema ndiyo. Mwiko ninao mkononi.

Yule mgeni alikuwa bado anakula, amesimama palepale na bosi. "Bwana, fundi huyu unamlipa ngapi?"

Bosi akacheka. "Nimlipe? Namwita ndugu tu, anatosheka."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Hata sauti hakuipunguza.

Nikauweka mwiko juu ya mfuniko. Nikafungua kanga niliyojifunga kiunoni, nikaitungua kanzu msumarini, ile niliyoipigia pasi kwa ajili ya nikaha, nikaivaa palepale na jasho langu. Nikapita katikati ya wageni.

"Mzee! Mchele huu nani atauangalia? Mzee!"

Sikugeuka. Nikatoka kwa mlango wa mbele, na dukani kwake wala nyumbani kwake sikukanyaga tena.