Lori ya Maji

Abti yangu, yaani kaka yake mama, hajawahi kukutana na kitu asichokijua. Amezaliwa Isiolo katika ukoo wa wasafirishaji, akakulia chini ya malori, na kwake yeye dunia nzima ni lori. Kitu kikilia, kaza. Kikizidi kulia, tia oili. Mke wake akinuna sijui humfanya nini.

Ndiye aliyenunua ile mashua. Hoteli moja ya ziwani ilikuwa imefungwa, ikauza vyombo vyake, naye akaona mashua mbili nyembamba za mbao zilizounganishwa ubavu kwa ubavu kwa boriti. Ilikuwa kuukuu, rangi imebanduka. Alisema itavusha watu mto utakapojaa kule Biliqo, kwa sababu mama anaishi ng'ambo ya mto, na mvua ikinyesha hafikiki.

Kiangazi chote aliianika uani kwake mtaani Wabera, akiwaonyesha wageni. Mimi ni seremala wa vitanda. Mashua sijawahi kuunda, lakini mbao ni mbao. Nilipanda nikaitikisa, na boriti zikalia kama kitanda cha gesti. Jua lilikuwa limezisinyaza, na matundu ya bolti yalikuwa yamepanuka. Nilimwambia tung'oe bolti, tuzibe matundu kwa mti mgumu, tutoboe upya, kisha chombo kikae majini mbao zivimbe kabla ya kukazwa.

"Abti, mbao ikikazwa kavu itapasuka ikinywa maji," nilimwambia.

"Wewe endelea na vitanda," akasema. "Hii ni lori ya maji. Lori ikipiga kelele, unakaza."

Basi akamwaga oili chafu ya injini kwenye maungio yote, akachomeka bomba refu kwenye spana, akawaita makuli wawili walivute kwa uzito wao wote. Boriti zikanyamaza. Akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nilimdharau siku hiyo, na sijaona sababu ya kuacha.

Lakini mashua ingekuwa mchezo wake tu, kama si dawa za mama. Mama ana presha, na vidonge vyake vilikuwa karibu kwisha. Nilikuwa nimemnunulia vingine, nikataka kumpa mchunga mbuzi avipeleke wakati mto unavukika kwa miguu. Abti akavichukua. Chombo kipya, alisema, lazima kianze na mzigo wa heshima. Alimpigia mama simu akamwambia asubiri, na mama, ambaye hajui kumkatalia kaka yake, akasubiri.

Mvua iliponyesha tukaipakia mashua kwenye lori, tukapita Ngaremara mchana kweupe, maana abti hakutaka kupita bila kuonekana. Biliqo tuliukuta mto umejaa. Mashua ikafungwa ukingoni ikalala majini, ikanywa maji. Asubuhi akasema bismillahi, akasimama katikati, mfuko wa dawa shingoni, na mpiga kasia mmoja kila upande. Ng'ambo niliona buibui ya mama.

Hawakufika mbali. Boriti zilipasuka palepale penye bolti, moja baada ya nyingine, na mashua zikaachana. Abti akabaki mguu mmoja huku, mguu mwingine kule, akipanuka. Watu ukingoni walicheka, nami nilicheka. Kisha akaanguka. Tulimvuta kwa kamba akiwa mzima, kilemba kimepotea, na mfuko umekwenda na maji.

Mto haukupungua upesi. Dawa nyingine zilipovuka, mama alikuwa ameshaanguka jikoni kwake.

Siku hizi nusu moja ya mashua ni hori la kunyweshea mbuzi uani kwa mama, na hiyo ndiyo kazi pekee ambayo imewahi kuifanya vizuri. Abti akija hukaa kando ya hori hilo, anakunywa chai na kueleza kwamba mbao ile ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Mama humkorogea sukari kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haushiki tena kijiko.