Uzi wa Mama Kaza

Mtaani walimwita Mama Kaza, na jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa fundi cherehani ambaye gauni lake lingechakaa likawa tambara, na mshono ukabaki vilevile. Wateja walimtania kwamba suruali zake zitawazika.

Mumewe, seremala, alipooza upande mmoja. Kitanda kikahamishiwa sebuleni, karibu na dirisha lenye mmea wa kutambaa, ule wa majani mapana yenye matundu. Nguzo yake aliichonga mwenyewe akiwa mzima, akaizungushia nyuzi za makumbi ya nazi. Alikuwa amemweleza mkewe kwamba mizizi inayochomoza kwenye shina hutafuta unyevu: ukiyalowesha makumbi kila asubuhi, itajishikiza yenyewe, na kamba ni ya kusaidia tu mwanzoni.

Chakula sasa hakukitaka. Lakini jani jipya lilipojikunjua, macho yalimchangamka, akamaliza bakuli zima la uji. Basi Mama Kaza akajua pa kushika. Majani yakija, mume atakula, akila, ataishi. Akawa anakumbuka kuinywesha ile nguzo kuliko kunywa maji mwenyewe.

Ila mazoea yana tabu. Mkono ulioshona maisha yote haujui kulegeza uzi. Shina likirefuka, alilifunga kwa uzi wa nailoni, fundo juu ya fundo, akivuta kama anayeshikiza kifungo cha koti. Mumewe alimtazama, akasema kwa ulimi mzito, "Legeza." Mkewe akamjibu kwamba kilicholegea huanguka, na yeye kashachoka na vinavyoanguka.

Shina likanenepa, uzi haukunenepa. Wifi yake, dada wa mume, alipokuja kumjulia hali kaka yake ndiye aliyeona majani ya juu yamelala. Akapapasa, akakuta uzi umezama ndani, hupitishi hata ncha ya sindano. Mama Kaza akaufumua kwa wembe. Shina likakatika nalo, limeoza, na majani yote yakaja chini.

"La kuvunda halina ubani," wifi akanong'ona. Halafu akamhurumia, akasema kisiki kilichobaki kwenye chungu bado kina vifundo, huenda kikachipua, ingawa si leo wala mwezi ujao.

Mama Kaza alijichukia kupita kiasi. Hata hivyo alikiburuta kile chungu hadi kitandani, akamwonyesha mumewe kisiki, akamwahidi kwamba kitachipua na kwamba safari hii hatakigusa kwa uzi.

Mume alikitazama kwa muda mrefu. Hakukasirika, afadhali angekasirika.

"Mke wangu," akasema, kila neno kwa shida, "nigeuze niangalie ukuta."

Akamgeuza. Kisha akachukua bakuli, akaketi nyuma ya mgongo wake, kijiko mkononi, akimbembeleza kwa sauti ya chini, mpaka uji ukapoa na kuganda.