Kishikwambi cha Kusomea Dawa

Watu wa Mingoyo walimwita dokta, ingawa Mwanaidi binti Nurdin hakuwa daktari wala hakupata kudai kuwa ndiye. Alikuwa mtoa dawa katika duka la dawa la Bwana Yasini, pale njia panda, magari ya Mtwara yanapoachana na yale ya Masasi. Kazi hiyo aliisomea akiwa msichana, akaishika mpaka mvi zikamwota chini ya ushungi. Alijua nani ana sukari, nani ana presha, nani hununua dawa ya minyoo kwa kumsingizia mtoto. Mtu akiingia ameshika tumbo, mkono wa Mwanaidi ulikuwa umeshafika kwenye rafu kabla hajafungua mdomo.

Kisha macho yakaanza kumkimbia.

Kwanza ilikuwa kama moshi wa jikoni umekaa mbele ya vitu. Akafuta miwani, akaifuta tena, akanunua nyingine barabarani. Moshi ukabaki palepale. Jua likiwa kali ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Mlango wa duka uligeuka weupe mtupu, na mteja anayeingia akawa kivuli chenye sauti. Mwanaidi akajifunza kungoja sauti. Ikisema "Shikamoo dokta," naye akaijua, ndipo alipoitikia marahaba na kutaja jina la mtu kama aliyemwona tangu barabarani.

Ila chupa hazina sauti. Maandishi yake yalizidi kuwa madogo, mpaka yakawa vumbi lililomwagwa kwenye karatasi.

Hakumwambia mtu. Nyumbani aliishi na mama yake mzazi, Bi Tawakali, aliyekuwa haoni kabisa. Kila alfajiri Mwanaidi alimshika mkono akampeleka uani, akamwekea kopo la udhu karibu na goti, akamrudisha kitandani. "Maji yalinishukia machoni," bibi huyo huwaambia wageni, "yakaizima taa." Mwanaidi akiushika mkono ule mkavu, aliyafikiria macho yake mwenyewe. Alikuwa na hakika kwamba maji hayo ni ya ukoo, na sasa zamu imemfikia yeye. Nani atamwekea yeye kopo? Hospitali aliiogopa kuliko ugonjwa wenyewe. Aliona kwamba maadamu hajaambiwa, bado hajawa kipofu.

Wazo la kishikwambi lilimjia alipomwona mteja mmoja akipiga picha karatasi ya daktari kwa simu yake, kisha akaitanua kwa vidole viwili mpaka herufi moja ikajaa kioo. Simu ya Mwanaidi ilikuwa ya vitufe. Jumapili iliyofuata akapanda gari hadi Lindi mjini, akaingia kwenye duka la simu.

"Nataka kile kipana," alisema. "Cha bei ya chini. Lakini kamera iwe inaona."

Muuzaji alicheka kwa adabu. "Mama, unawanunulia wajukuu? Watoto wanavipenda hivi kwa katuni."

"Ndiyo," alijibu Mwanaidi haraka. "Wajukuu."

Hakuwa na mjukuu hata mmoja. Yule kijana akamtolea kimoja cheusi, kioo kipana kama sahani ya kupakulia mchuzi, akamwonyesha pa kuwashia na pa kupigia picha. Mwanaidi akaomba ajaribu. Akaipiga picha kadi ya dhamana, akaweka vidole viwili, akavitanua. Herufi zikavimba, nyeusi, kubwa, zimesimama wima. Hakuwa amesoma maandishi madogo kiasi kile tangu mvua za mwaka uliopita. Machozi yakamlenga, akageuza uso.

"Ila nikwambie ukweli, mama," kijana alisema akikifunga kwenye boksi. "Hiki ni cha kawaida sana. Kikijaa picha au kikipata joto, kinaganda. Usikipe kazi nyingi kwa pamoja."

Kwa Bwana Yasini, Mwanaidi alisema amekinunua ili kuweka kumbukumbu za dawa. Mwenye duka alifurahi mno. "Umetupeleka mbele, dada Mwanaidi," alisema, na akawa anawasimulia watu msikitini kwamba duka lake limeingia kwenye teknolojia.

Kazi ikaenda. Mteja akitaja dawa, Mwanaidi huichukua, anaigeuza, anapiga picha, anatanua, anasoma jina na tarehe ya kuisha, kisha anatoa. Watu walingoja bila kunung'unika. Lakini Mwanaidi hakustarehe hata siku moja. Kioo kikichelewa kuwaka, jasho lilimtoka kwenye viganja. Chaji ikipungua, alihesabu watu waliobaki kwenye foleni kama mtu anayetazama maji yakipanda mlangoni. Usingizini aliota chupa zimejipanga rafuni zote hazina karatasi. Aliamka akijiambia kwamba wiki ijayo atamweleza Bwana Yasini. Wiki ijayo ikifika, aliisogeza mbele.

Siku yenyewe ilikuwa ya gulio, na joto lilikuwa la kuunguza. Asubuhi Bwana Yasini alileta mzigo mpya, akaupanga mwenyewe rafuni kwa haraka, akaondoka kwenda mjini. Hakujua kwamba mtoa dawa wake alikuwa akiishi kwa kukumbuka mahali, wala kwamba kusogeza chupa ni kumzima macho kwa mara ya pili.

Saa za adhuhuri akaingia mwanamke kijana, sauti ya haraka, mtoto analia begani.

"Shikamoo dokta. Naitwa Martina, natokea Rondo. Huyu Francis wangu amechemka tangu jana, na gari letu linaondoka sasa hivi. Nipe ile dawa ya maji ya homa."

"Marahaba, mama. Ana umri gani?"

"Anatambaa tu, ndiyo anaanza kusimama."

Mwanaidi akanyoosha mkono mahali dawa ya homa ilipokaa siku zote. Chupa ya kahawia, karatasi nyeupe, mstari wa buluu; kivuli chake kilikuwa kilekile. Akaiweka mezani, akaipiga picha. Kishikwambi kikalia *kacha*, kisha kioo kikaganda. Akagusa. Akabonyeza pembeni. Kioo kikawa cheusi. Nyuma ya Martina watu walikuwa wanasukumana, nje pikapu ilipiga honi, na mtoto alilia kwa sauti ya kukwaruza.

"Dokta, wananiacha!"

Mwanaidi akaishika chupa, akaisogeza puani kana kwamba pua ingesoma kifuniko kilichofungwa. Mahali ni palepale, alijiambia. Chupa ni ileile.

"Kijiko kimoja kidogo, mara tatu kwa siku," alisema, akamkabidhi.

Foleni ilipokwisha, akakaa kwenye kiti, akakibonyeza tena kishikwambi. Kikawaka polepole, kama mtu anayeamshwa kwa nguvu. Akafungua picha. Ya mwisho ilikuwa pale. Ilikuwa imeshika kabla ya kuganda. Akatanua. Mwanzoni ukungu, kisha herufi zikajikusanya, na katikati yake maneno mekundu: *Dawa ya upele. Kwa kupaka tu. Isinywewe.*

Alisoma tena. Akatanua zaidi, kana kwamba maneno yakikuzwa sana yangebadilika. Alijua vizuri dawa ile inamfanya nini mtoto mdogo akiimeza: huleta degedege. Aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake, akatoka bila kufunga mlango.

"Likwata!" alipiga kelele upande wa pikipiki, maana hakuona nani yuko pale. "Likwata yupo?"

"Nipo, mama." Likwata alikuwa jirani yake, mtu mzima aliyeendesha bodaboda tangu zilipoingia Mingoyo.

"Pikapu ya Rondo. Ikamate. Nimempa mtoto sumu."

Likwata akawasha pikipiki. Mwanaidi hakupata kupanda pikipiki bila kukaa upande. Siku hiyo alipanda kiume, gauni limekunjwa magotini, kishikwambi amekikumbatia kifuani. Njia nzima hakuona ila mwanga mweupe na miti inayopita kama watu wanaokimbia kurudi nyuma. Akasoma kila dua aliyoijua, akazichanganya, akaanza upya. Akilini alimwona mtoto amekakamaa, macho yamegeuka juu. Alimwona Martina akilipiga kofi paja lake mwenyewe. Lililomtisha kuliko yote ni lile alilolijua tangu zamani: kwamba hii siku alikuwa akiitengeneza mwenyewe, kila alipoisogeza mbele wiki.

"Ile pale!" Likwata alisema.

Pikapu ilikuwa imesimama kwenye mlima, boneti wazi, mvuke unatoka. Abiria walikuwa wametawanyika vivulini. Mwanaidi aliteremka kabla pikipiki haijatulia, akajikwaa, akainuka.

"Martina! Mama Francis! Usimpe! Usimpe dawa!"

Sauti ya Martina ilitoka pembeni mwa barabara. "Dokta? Nimekwishampa."

Mwanaidi aliifuata sauti. Akapapasa mpaka akamfikia, akamshika mtoto uso. "Kiasi gani? Amemeza?"

"Nilimtilia kwenye kifuniko. Akapiga kelele, akaitema, nyingine akanitapikia. Nikajua ni uchungu wa dawa tu." Kisha sauti ikabadilika. "Kwani umenipa nini, dokta?"

"Nimekosea chupa. Si ya kunywa. Twende zahanati, twende sasa hivi, nitakueleza."

Martina aliichukua chupa. Alimkumbatia mtoto, akapanda nyuma ya Likwata. Mwanaidi akapakiwa na bodaboda nyingine iliyokuwa ikipita. Zahanati haikuwa mbali. Muuguzi aliitazama chupa, akamtazama mtoto, akamwekea kifaa cha kusikilizia kifuani.

"Iliyobaki mwilini huenda ni kidogo," alisema. "Lakini siwezi kuapa. Mtulie hapa tumwangalie. Akianza kushtukashtuka, mniite bila kungoja."

Wakakaa kwenye benchi moja, mtoto katikati. Mwanaidi, asiyeweza kuona vizuri, aliweka kiganja juu ya mguu wa Francis, maana alihisi kwamba mguu ukianza kutetemeka atautambua kwa mkono. Kila mtoto alipojinyoosha, pumzi ilimkatika. Mara moja mguu ulirusha teke la ghafla. Mwanaidi alipiga ukelele, muuguzi akaja mbio, kumbe nzi alikuwa ametua kwenye kidole.

Ndipo Martina akauliza, kwa sauti ya chini, "Hukuisoma?"

"Siwezi kusoma," Mwanaidi alijibu. "Macho yangu yamekufa. Nimeficha." Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema, naye aliyasema kwa mtu mwenye haki kuliko wote ya kumlaani.

Martina alimpangusa mtoto jasho. "Ningezika mtoto," alisema, "wewe ukiwa unaficha."

Jua lilipolegea, homa ya Francis ilikuwa imeshuka kwa dawa ya muuguzi, na yeye mwenyewe alikuwa anavuta ncha ya ushungi wa Mwanaidi akitaka kuutia mdomoni. Muuguzi akawaruhusu.

Bwana Yasini aliposikia, alikaa chini. Aliomba funguo za duka. "Dada yangu," alisema, "mimi niliwasimulia watu msikitini." Siku iliyofuata akampeleka yeye mwenyewe kwa daktari wa macho Lindi.

Daktari alimmulika, akasogea nyuma. "Una mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ugonjwa huu unaondolewa. La kushoto lina presha pia, limeumia, hilo siwezi kukuahidi."

"Kwa hiyo si upofu wa ukoo?"

"Ungekuja mapema, mama, tusingekuwa tunazungumza hivi."

Mwanaidi akamfikiria Bi Tawakali, akaogopa kuuliza kama naye angetibika. Baadaye aliuliza, na daktari akasema mama aletwe atazamwe, lakini baada ya miaka yote hiyo asimjaze matumaini. Bi Tawakali akatazamwa; taa yake haikurudi.

Jicho la kulia la Mwanaidi lilifanyiwa upasuaji. Bandeji ilipotoka aliona kwanza mikunjo ya shuka, kisha vinyweleo vya mkono wake mwenyewe. Kushoto kulibaki giza pembeni, na matone ya dawa hadi mwisho wa maisha. Bwana Yasini alimrudisha dukani, ila si peke yake: alimwajiri Umi, msichana aliyemaliza mafunzo, na kila dawa ikawa inasomwa na watu wawili, kwa sauti. Hofu haikumtoka Mwanaidi. Hata akiona herufi wazi, huzisoma tena, na karatasi ya dawa ya mtoto huisoma mara ya tatu.

Msimu wa korosho Martina alipita dukani. Francis alikuwa anatembea, ameshika gauni la mama yake. Mwanaidi alimtambua kwa uso safari hii.

"Shikamoo, dokta. Macho yanaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Moja linaona, alhamdulillahi."

Martina alimpa mkono, akaushikilia kidogo. Kisha akamgeukia Umi. "Dada, nipe dawa ya kikohozi ya mtoto. Wewe unipe."

Umi akamtazama Mwanaidi, hajui afanye nini. Mwanaidi akasogea pembeni kumpisha rafuni.

"Mpe," alisema. "Na umsomee yote, mpaka mwisho."